Kipanga wa Kinyozi na Gunia Langu

Jumatatu, 4 Machi

Jirani yangu kinyozi kapata bahati asiyostahili. Kipanga adimu, kifua cheupe kama shati la bwana harusi, anaatamia mayai juu ya mnara wa tangi lake la maji. Watazama-ndege wamejaa uani kwake na darubini zao, naye kakaa katikati anaeleza. Mtu ambaye hata kuku wake hawamjui! Mimi niliyewahi kumkodolea tai macho mpaka akaangalia pembeni, hakuna hata wa kunisalimia.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Gunia, manyoya ya mto, upawa uwe mdomo. Nikaunda kipanga wangu, nikampachika juu ya paa langu. Mke wangu akauliza yule bata mgonjwa anafanya nini kule juu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, mama, hutayaweza. Kesho uani kwangu patakosa pa kukanyaga.

Jumatano, 6 Machi

Aliyehamia ni kipanga peke yake. Kadhani kipanga mwingine kavamia himaya yake. Tangu asubuhi analitwanga gunia langu, mayai kayaacha wazi, na wingu la mvua hilo linakuja. Mama mmoja, kiongozi wa watazama-ndege, anasema yakipoa tu, vifaranga basi tena. Machozi yanamtoka. Akauliza lile gunia la nani. Nikasema limeletwa na upepo.

Nikaingia ndani, nikaisukuma sahani pembeni. Mke wangu akaniambia polepole, mzee, nenda kamshushe bata wako.

Nikapanda na sufuria kichwani. Kipanga akaipiga kama ngoma. Nikalivuta gunia, nikaanguka nalo kwenye nguo zilizoanikwa. Nilipotoa kichwa ndani ya shuka, kipanga yuko kwenye mayai yake, na mvua ndiyo inaanza. Kinyozi akanikumbatia. Nikamwambia aache, ananibana mbavu. Sikutaka aache.

Jumapili, 10 Machi

Wametotolewa! Wawili, weupe kama pamba. Nimelala mchana kutwa kama mtoto aliyenyonya akashiba. Yule mama kanishukuru mbele ya watu kwa kupambana na upepo. Nikasema upepo wenyewe ulikuwa mkali.

Nimemwapia mke wangu kwamba magunia basi, na mimi nikisema nimesema.

Ila wale watoto watataka mwalimu wa kuruka. Na lile koti kuukuu la mke wangu lina manyoya shingoni, wala si gunia.