Chemchemi Inayoshika Jumapili

Katuba, Élisabethville, Oktoba 1954

Bwana Mkubwa wa Maji,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Adalbert Kalenga, niliyekuwa mwalimu wa misheni. Nimelala na kifua kibaya, na Padri amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa. Kabla sijaondoka nataka ujue jambo ambalo nimeificha ofisi yako: nyuma ya jiko langu kuna chemchemi.

Nasikia Jumatatu watu wako watakuja kuchimba mtaa wetu, eti wanatafuta maji yanayopotea njiani. Napinga, kwa sababu hizi:

1. Mji unakua, nanyi mnatafuta maji mbali, mkitoboa mwamba kwa mashine inayolia kama ng'ombe mgonjwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Aliyepotelewa na kuku huanza kutafuta uani kwake.

2. Kwenye bomba lenu la mtaani watu hupigana. Jirani yangu Mama Wivine aliacha jino lake hapo, na ndoo haikujaa. Kwangu, achotaye humwamkia kwanza mwenye ua. Ndiyo desturi yetu. Tangu mke wangu Agnès afariki, ndoo ndizo zinazoniletea habari: nani amejifungua, nani amefukuzwa kazi mgodini. Mama Wivine hunitania mlangoni kama baba yake: "Tata, ungali uko? Au mbao za sanduku la kukuzikia zimekosekana?" Nikicheka, kifua kinalegea.

3. Chemchemi hii ni Mkristo kuliko mafundi wako. Jumapili haitoi hata tone. Jumatatu alfajiri inaanza tena. Katekista Faustin ameihubiri kanisani, na walevi kadhaa wameacha pombe.

4. Basi msichimbe. Ng'oeni mabomba yenu, mji wote uje kuchota kwangu, mradi kila mtu aniamkie. Wewe pia, Bwana Mkubwa. Njoo na ndoo yako.

Nisalimie mafundi, karani anayekusomea barua hii, na Mama wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu,
Adalbert Kalenga

Tena: Padri aliniuliza kama nimeungama yote, nikajibu ndiyo. Lilibaki hili. Pampu yenu husimama kila Jumapili, na chemchemi yangu husimama nayo. Juma lile tulilomzika Agnès, nyumba ilikuwa kimya mno. Nikatoka kuchimba shimo la kupanda mgomba, sururu ikagonga chuma, maji yakaruka. Asubuhi majirani wakaja na ndoo, wakaniamkia mmoja mmoja. Sikumwambia mtu kwamba bomba lenu nimelipasua mimi.