Seva ya Ofisi ya Viwanja

Ofisi ya Hati za Viwanja inayo heshima kuwatangazia watumishi wake na wananchi wote kwamba, kuanzia mwezi ujao, watapigana. Aina ya mapigano itatangazwa baadaye.

Ndivyo tangazo lilivyosema. Lilibandikwa kwenye mlango mkubwa, juu ya tangazo jingine lililosema mashine ya fotokopi ni mbovu. Aliyeliandika alikuwa Kaimu Mkurugenzi Msaidizi, mtu aliyekaimu muda mrefu mpaka watu wakadhani Kaimu ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Hata mkewe alimwita Kaimu, tena kwa mapenzi.

Wazo halikuwa lake. Wizara ilikuwa imegundua kwamba ofisi zake hazipendwi, na baada ya warsha ndefu hotelini ikabaini sababu: watumishi na wananchi hawachezi pamoja. Basi kila ofisi ikaletewa mtambo wa kuendeshea mchezo wa mtandaoni, mchezo wa mapanga na ngome, unaochezwa kwa simu au kompyuta. Waraka ulioambatana na mtambo uliiachia ofisi jambo moja tu la kuamua kwa busara yake, nalo ni aina ya seva. Kulikuwa na Seva ya Mchezaji Dhidi ya Mchezaji, ambako watu wanakatana mapanga wenyewe kwa wenyewe. Na kulikuwa na Seva ya Mchezaji Dhidi ya Mazingira, ambako hakuna anayeweza kumgusa mwenzake, bali wote kwa pamoja wanapambana na mazimwi na majoka yaliyomo humo.

Mkurugenzi alimwita Kaimu. Mbele yake, mezani, zilipangwa hati zinazongoja kusainiwa, rundo juu ya rundo, kiasi kwamba Kaimu alimwona kuanzia miwani kwenda juu. Mkurugenzi hakuwa mvivu. Aliamini tu kwamba saini ni kama manukato, ukiimwaga ovyo haisikiki tena.

"Seva ipi inaifaa ofisi ya hadhi yetu?" akauliza.

"Nitaunda kamati, mheshimiwa."

"Usiunde kamati, itataka chai. Fanya utafiti."

Kaimu alifanya utafiti kwa mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa muuguzi mstaafu, na aliishi nyumbani kwa Kaimu kwa sababu hakuweza kujenga kwake. Kiwanja alikuwa nacho, hati hakuwa nayo. Hati ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi. Miaka yote aliyokaa kwenye mabenchi ya ofisi akingoja kuitwa, alikuwa na simu mkononi, na mtu hawezi kutazama ukuta siku nzima. Alianza kucheza kwa kuua muda tu. Sasa kulikuwa na vijana wa nchi za mbali waliomwandikia kumwomba ruhusa kabla ya kwenda vitani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hati vipi?"

"Iko kwenye hatua nzuri."

"Ilikuwa kwenye hatua nzuri tangu nikiwa na meno yote."

Kaimu aliinamisha kichwa. Kumwangusha mkwe ni jambo zito, na yeye alikuwa akimwangusha huyu kila jioni, kabla ya kula. Akabadilisha mazungumzo, akaeleza habari ya seva.

Mama mkwe aliweka simu kwenye mapaja. "Inategemea huyo mkubwa wako anataka apigwe na nani. Kwenye seva ya mazimwi, zimwi linakupiga kwa sababu ndiyo kazi yake. Mnajipanga, mnalizunguka, likianguka mnagawana lilichobeba, mnaenda kulala. Kwenye seva ya ngumi anayekupiga ni mtu, na mtu ana sababu zake." Akafikiri kidogo. "Watu wana sababu naye?"

"Wanazo, mama."

"Basi mpeleke kwa mazimwi."

Kaimu aliandika ushauri wa kurasa nyingi akipendekeza Mazingira, kwa ajili ya mshikamano jumuishi. Mkurugenzi aliusoma mpaka mahali paliposema kwamba kwenye seva ile nyingine kuna ubao wa washindi, na jina la bingwa huandikwa juu kabisa kwa rangi ya dhahabu. Hapo akaacha kusoma.

"Hili la dhahabu mlitaka kunificha kwa nini?" akauliza, na seva ya ngumi ikapita.

Ili mambo yaende kistaarabu, Kaimu alitunga Mwongozo wa Mapigano ya Kiutumishi. Mtumishi aliyetaka kumpiga aliye juu yake alipaswa kuomba kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa kitengo, na aliye juu alikuwa na haki ya kuahirisha. Hakuna aliyeomba.

Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuelewa mchezo. Aliiweka chini ngao yake, akapiga magoti mbele ya ngome ya Mkurugenzi, akakatwa kichwa, halafu akaandika pale wachezaji wanapoandikiana: "Asante mkuu kwa mafunzo." Wiki ileile akapata kiti cha kuzunguka. Kuanzia hapo ofisi nzima ilikufa kwa bidii. Watu waliwahi kazini kwenda kukatwa. Dada wa mapokezi, ambaye kidole kilimteleza akamkwaruza Mkurugenzi begani, aliandika barua ya kujieleza na kupewa onyo. Kaimu naye alikuwa akifa kila baada ya chai, wima, tai ikiwa imenyooka.

"Kazini leo vipi?" mkewe aliuliza.

"Nimekufa vizuri," Kaimu alijibu, na alikuwa anasema kweli.

Tatizo ni kwamba Mkurugenzi aliamini. Alitazama jina lake la dhahabu asubuhi, akalitazama mchana, akaanza kutembea mikono nyuma kama mtu aliyezoea kubeba silaha mgongoni.

"Nyinyi hamna kiwango," alimwambia Kaimu siku moja, kwa huruma. "Fungua milango. Wananchi waingie."

"Mheshimiwa, wananchi hawafungwi na Mwongozo."

"Ndiyo maana nawataka. Na wizara iwe inatazama."

Siku ya uzinduzi ilipofika, wakubwa wa wizara walikuwa mbele ya skrini zao, Naibu Waziri akiwa katikati. Mabenchi ya ofisi yalijaa watu walewale wa siku zote, kila mmoja na simu yake. Lango la ngome lilifunguka. Mkurugenzi alisimama mlangoni na upanga, akingoja wavamie.

Hawakuvamia. Walipanga foleni. Ofisi ile ilikuwa imewafundisha foleni kwa miaka, na mafunzo yalikuwa yamewaingia. Kila mmoja alifika mbele, akaeleza shida yake, akapiga pigo moja, akarudi mwisho wa mstari.

"Mimi ni wa kile kiwanja cha kona." Pigo.

"Mimi faili langu lilipotea, mkasema nimelipoteza mimi." Pigo.

"Mimi ni yule uliyemwambia aje kesho." Mkurugenzi akaandika kuuliza ni kesho ipi. Wakajibu wengi kwa mpigo.

Mama mkwe wa Kaimu alikuwa kwenye foleni kama wengine, hakutumia undugu. "Samahani baba," aliandika alipofika, "na mimi nipo," akamshushia nyundo iliyompeleka mpaka kwenye mtaro wa ngome.

Kwenye mchezo ule, anayekufa huamkia nyumbani kwake. Nyumbani kwa Mkurugenzi ndiko foleni ilikokuwa. Jina la dhahabu lilishuka kwenye ubao likapita la mhasibu, likapita la dereva, likawa linatafutwa. Mkurugenzi alimwita Kaimu na fundi wa kompyuta, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Badilisheni seva. Sasa hivi. Ile ya kutogusana."

Fundi alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa tu. Alikaa, akabonyeza vitufe. "Ipo tayari. Nikuandikishe kama mchezaji?"

"Wachezaji ni akina nani?"

"Wananchi, watumishi, mfagizi. Wote sawa. Kule hakuna cheo."

"Mimi na mfagizi?"

"Sawa kabisa."

"Haiwezekani. Kuna kundi gani jingine?"

"Lililobaki ni Mazingira."

"Huko kuna nani?"

"Milima, mito," fundi akasema, "na wengine."

"Wakubwa?"

"Wakubwa sana."

"Niweke huko," akasema Mkurugenzi.

Kaimu alifungua mdomo. Alijua kule wakubwa ni akina nani. Aliliona rundo la hati, akajua moja iliyomo ndani yake ni ya nani. Lakini alikuwa mtumishi wa siku nyingi, na alijua kwamba ofisa mwema hushauri mara moja tu, na ushauri wake ulikuwa umekwisha kupokelewa kwa maandishi. Akafunga mdomo.

Kwenye skrini zote, za mabenchini na za wizarani, Mkurugenzi alitokea upya. Urefu wake ulikuwa wa nyumba ya ghorofa. Alikuwa na pembe, na uso wake ulikuwa ile picha yake rasmi iliyotundikwa mapokezi.

Watu walilitazama zimwi hilo. Hawakuweza tena kugusana, wala hawakuwa na haja. Mama mkwe alisimama kwenye benchi lake, akasema kwa sauti ya wodini, "Wa mtaa wa juu kushoto. Wa mtaa wa chini kulia. Walioambiwa waje kesho wakae nyuma yake, maana ndio wengi." Ndani ya mchezo, mhasibu alionekana akija mbio, na safari hii alikuwa ameshika ngao.

"Mfumo unauliza," fundi alimwambia Kaimu, "zimwi hili likianguka litoe nini. Lazima liwe limebeba kitu."

Kaimu alitazama meza. "Andika hati."

Mkurugenzi akazima kompyuta yake. Haikusaidia. Mchezaji akizima anatoweka, lakini mlima hauzimiki, na zimwi ni mali ya mtambo. Liliendelea kusimama pale na uso wake, likaanguka kwa kishindo, na karatasi nyeupe zikamwagika uwanja mzima.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Naibu Waziri, mwenye furaha.

"Hongera sana. Nimeona hati zinatoka. Ni za kweli?"

"Ziko hapa mezani, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi kwa sauti ya chini.

"Basi zisaini zitoke. Wizara haiwezi kuonekana inawadanganya wananchi kwenye mchezo wake yenyewe."

Alisaini. Kila zimwi lilipoanguka alisaini rundo, likisimama wanaliangusha tena. Saa ya kufunga ofisi ilipofika, meza ilionekana rangi yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kijani. Mama mkwe alipokea hati yake kwa mikono miwili. Aliisoma yote, pamoja na namba za pembeni, akaikunja, akaifungua tena kuhakikisha. Kaimu alimwona machozi yakimlengalenga, akageukia dirisha ili asimwaibishe.

Barua za wizara zilikuja baada ya muda mfupi. Ya kwanza ilimpandisha Kaimu kuwa Mkurugenzi kamili. Ya pili ilimpongeza Mkurugenzi wa zamani kwa mchango wake wa kipekee, ikamhamishia Mazingira. Alifurahi. Alinunua suti, akaripoti kwenye lango la Wizara ya Mazingira, ambako mlinzi alipekua majina na kumwambia hayumo. Alirudi wizarani kwake kuuliza, akafafanuliwa kwamba walimaanisha yale mazingira ya kwenye seva. Walimwekea kiti kwenye chumba cha mtambo cha ofisi yake ileile ya zamani, karibu na feni.

Kaimu, ambaye sasa hakuna aliyejua amwiteje, alimsikia mzee huyo akibisha hodi siku moja baada ya chakula cha mchana.

"Karibu, mzee. Kaa."

"Sikai sana, wananisubiri." Alikuwa amepungua, lakini ameshusha mabega kidogo, kama mtu aliyeacha kubeba kitu. Alitoa karatasi. "Naomba nihamishiwe kwa wachezaji."

"Kule hakuna cheo."

"Najua."

"Utakuwa sawa na mfagizi."

"Mfagizi ni mtu mzuri. Ananipiga, lakini anasalimia kwanza." Alitazama sakafu. "Nataka na mimi nijaribu kupigana nikiwa na watu. Naona wanacheka."

Kaimu hakuwa na moyo wa kumwambia arudi siku nyingine. Alichukua kalamu, akasaini palepale, akampa mkono. Mzee alitoka nje, akakaa kwenye benchi katikati ya mama mmoja na dereva wa lori, akasikika akiuliza jinsi ya kuchagua upanga.

Fundi akachungulia mlangoni.

"Mkurugenzi, ile nafasi ya zimwi sasa iko wazi."

"Iache wazi."

"Mfumo hautaki pengo. Ikibaki wazi unaijaza wenyewe, unachukua picha ya mkuu wa ofisi."

"Unachukua lini?"

"Umeshachukua," akasema fundi.

Kaimu aliitazama saini yake. Wino ulikuwa bado haujakauka. Kando yake kulikuwa na rundo dogo la hati alizokuwa amepanga kuzisaini wiki ijayo, akipata nafasi. Nje, kwenye mabenchi, watu walikuwa wameanza kusimama, na alisikia sauti anayoifahamu, ya mtu ambaye yeye humpa shikamoo kila jioni, ikiwapanga nani akae kushoto na nani kulia.