Hotuba ya Mwenyekiti Muhanna Kuhusu Mafanikio ya Kipimo cha Nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake bado liko milimani likitokea Al Amerat. Masheikh, mabwana, mabibi, na nyinyi madada zetu wa Uganda mliopewa na waajiri wenu ruhusa ya saa moja: Assalamu alaikum na habari za asubuhi.

Mimi, Muhanna bin Yaqoob, Mwenyekiti wa Kamati ya Jumuiya yetu ya Ujirani hapa Maskati, nnasimama kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kuwapeni ripoti ya Mradi wa Kipimo cha Virusi cha Nyumbani Kinachosimamiwa kwa Video, ambao, kwa mujibu wa protokali za kimataifa na fremuweki ya kidijitali, unamwezesha msafiri kujitia kijiti puani barazani kwake huku msimamizi aliyesajiliwa akimtazama kwenye simu, kisha akampa cheti cha kuingilia nchi za watu. (Makofi. Mtu anakohoa, viti vya jirani vinasogea.)

Takwimu zinasema zenyewe. Walioomba huduma ni mmoja. Tuliowahudumia wakalalamika ni sifuri, yaani asilimia sifuri, rekodi ambayo hata Ulaya hawana.

Huyo mmoja ni Namutebi, mfanyakazi wa nyumbani kwa Bi Muhsina, na leo tunaye hapa, safu ya tatu. Alhamisi moja alipigiwa simu kuwa mama yake amefariki na atazikwa Jumamosi. Tiketi ya Ijumaa alfajiri alipata, lakini nchi anayopitia ilidai cheti. Basi akaona tangazo letu, akanunua kipimo duka la dawa, na saa sita mchana akafungua ukurasa wetu, ambao ulimwandikia kwa lugha nne asubiri, msimamizi anakuja. Akasubiri kwa nidhamu ya hali ya juu mpaka alasiri, kijiti mkononi. Namutebi, simama wakuone. (Namutebi hasimami.)

Anaona haya tu. Nnaona Bi Muhsina ananyoosha mkono, na ijapokuwa maswali hayamo kwenye ratiba, mtu mzima haachwi.

(Bi Muhsina anasimama taratibu. "Muhanna, mwanangu, kwenye simu ile hakutokea mtu. Nlimtia garini mwenyewe nkampeleka maabara Wadi Kabir. Tulikuta foleni. Majibu yalitoka Ijumaa mchana, na ndege ishaondoka." Anakaa.)

Ahsante, mama yangu. Huo ndio ushirikiano wa wadau tunaouhubiri kila siku: kamati inatoa dira, mwananchi anatoa gari. (Makofi ya mtu mmoja, naye ni katibu.) Na muhimu ni matokeo. Namutebi, si ulifika salama?

("Nilifika, baba. Jumapili. Nikakuta kaburi.")

(Mwenyekiti anatafuta ukurasa wa hotuba yake.)

Alifika salama. Nnaomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu. Msiba ni kazi ya Mungu, na kamati haina mamlaka juu yake, lakini kwa upande wa lojistiki tunaahidi kuwa ifikapo robo ya tatu kila nyumba, kuanzia Matrah mpaka Al Amerat, itakuwa na msimamizi wake, saa ishirini na nne, mwenye tabasamu. Nikisema "Pua yako", nyinyi semeni "Pasi yako". Pua yako! (Sauti mbili tatu. Madada wa Uganda wanaanza kutoka. Saa yao imekwisha. Bi Muhsina anamshika Namutebi mkono, wanatoka pamoja.)

Nnamalizia kwa shukrani. Nnamshukuru Bwana Marhoon aliyetutengenezea ukurasa ule bila ya kutuuliza huduma yenyewe iko wapi. Na kwa namna ya pekee nnawashukuru wajumbe wa kamati yangu, ambao baada ya chai tutakaa nao kikao chetu cha kwanza, tukubaliane kama mradi huu tuuanzishe au tusiuanzishe.