Kiungulia Kinachopenda Mbio

Jumatatu, 5 Januari 1970
Mbio za vijiti za maafisi ni Jumapili. Nahodha wetu hajachaguliwa. Ama mimi, ama Kificho wa masjala, mtu anayehema akipanda ngazi mbili. Jioni nimefanya mazoezi Mnazi Mmoja. Kifua kikanibana mpaka bega la kushoto. Nikasimama, kikaachia. Kiungulia tu. Nimekunywa magadi.

Jumatano, 7 Januari
Kimebana tena. Kificho kaniona, kakimbilia kwa mkubwa wetu wa afisi kusema nna maradhi ya moyo. Fitina! Sasa mkubwa anataka cheti cha dakta. Mke wangu, Bi Mwatima, kasema ni kijicho cha Kificho, akanifukiza ubani. Nimekohoa mpaka magharibi.

Alhamisi, 8 Januari
Dakta kijana mno. Kasema kiungulia huunguza mtu akishakula, akiinama au akilala, na maji machungu humpanda kooni. Kinachobana ukikimbia na kuondoka ukipumzika huenda ni moyo. Kaniuliza kabla ya mazoezi nilikula nini. Kwa kujisifu nikajibu sikula kitu. Mjinga mimi! Cheti kaninyima. Nisikimbie hata kidogo, nirudi Jumatatu nipimwe.

Ijumaa, 9 Januari
Nimempata dakta kwa maneno yake mwenyewe. Kiungulia hufuata chakula? Basi nile. Baada ya sala nimemaliza mabakuli mawili ya mbatata za urojo, pilipili tele, nikakimbia mbele ya mkubwa. Kifua kikaunguza na kubana kwa pamoja. Nikamwambia aone mwenyewe, ni urojo. Karidhika, unahodha wangu. Kificho kanuna, nami nimelala kwa raha.

Jumapili, 11 Januari
Nimeanguka kabla ya kukabidhi kijiti. Wanasema Kificho kakichomoa mkononi mwangu kwanza, ndipo akatazama kama nahema. Tumekuwa wa pili. Naandika nikiwa wodini.

Jumatatu, 12 Januari
Nimepimwa. Ni moyo. Marufuku kushuka kitandani. Bi Mwatima kalia sana, kasema hana haja ya kuwa mjane wa nahodha. Imeniuma. Nimemwapia sikimbii tena.

Alipoondoka, mgonjwa wa jirani kanambia Mei Mosi kuna mbio nyingine. Kificho asije akadhani zake. Nimeshuka, nikaenda haraka haraka mpaka mwisho wa wodi na kurudi. Kifua kikabana. Nikakaa, kikaachia.

Maharage ya hospitali haya. Kesho nitakula mkate mtupu, kisha nijaribu tena.