Wimbo wa Mama kwa Tarumbeta Nne

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya hapa kijijini Pito imenibana, lakini kichwa kinachemka. Misa ya shukrani ya mavuno ni Jumapili hii, na Padre amekubali kwaya yangu iimbe ule wimbo niliomtungia mama. Nilipokuwa nautunga nilimwimbia jikoni akipeta ulezi, naye akaupenda. Mwaka jana tukauimba kwa kinanda. Tulipotoka kanisani akaniuliza wimbo wake utaimbwa lini. Iliniuma! Mama ana miaka themanini na moja. Nataka autambue angali hai.

Kasoro nimeiona: vyombo vilikuwa vichache.

Jumatano, 16 Julai

Nimeupanga upya. Kinanda, ngoma tatu, kayamba, na tarumbeta nne za Adolfu na wenzake wa mjini. Karatasi kumi na moja za nota! Zenon, mwalimu wa kwaya ya vijana, akazipitia, akauliza kama ni Misa au ni vita. Wivu tu.

Jioni amekuja Mayunga, jirani yetu Msukuma mfuga ng'ombe, na zeze lake. Hajui nota hata moja. Nikamwimbia mara mbili, akaushika. Shida yake hupiga akiwa amefumba macho, mkono wangu wa kuongoza hauoni. Nikimwambia afumbue, anakosea. Nimemweka nyuma ya ngoma, huko hataharibu kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Adolfu hakuja mazoezini, ameenda kupiga harusini. Nota nilishampelekea. Akapiga simu kuuliza do yetu tunaianzia wapi. Nikamjibu do ni do! Mtu mzima anaulizaje swali hilo? Zenon akadakia kwamba do ya tarumbeta na ya kinanda hazilingani, bora tukubaliane mapema. Nikamwambia ashughulike na vijana wake.

Jumapili, 20 Julai

Aibu, jamani, aibu!

Tarumbeta zikaanza na do yao, kinanda na do yake. Sauti ya kwanza wakafuata kinanda, besi wakafuata tarumbeta. Wenye ngoma wakadhani dawa ni kupiga kwa nguvu zaidi. Padre akanyoosha mkono. Tukanyamaza wote.

Wote isipokuwa Mayunga. Macho yamefumbwa, mkono wa Padre atauonaje? Akaendelea peke yake na zeze lake, taratibu, ubeti mzima. Nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo nikamwona mama. Amesimama, ameshika benchi la mbele, anaufuata kwa sauti yake ndogo, bila maneno. Hakukosea popote. Nikalia mbele ya kwaya nzima, na sioni haya kuandika hivyo.

Nyumbani akaniambia leo wimbo wake umeimbwa. Akashangaa kwa nini nilimficha Mayunga nyuma ya ngoma.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetafakari tangu asubuhi, nimeelewa kila kitu. Siri ni zeze! Mayunga anasema ana ndugu zake huko Kaoze wanaolipiga. Nimewaita wote tisa. Tarumbeta nazo zibaki, maana Adolfu ameshanionyesha do yake ilipo.

Mama ameuliza kama Mayunga anaweza kuja jikoni aupige peke yake, mara moja tu, yeye akipeta ulezi. Nimemwambia avumilie kidogo, bado natafuta kinanda cha pili.