Jeneza la Mzee Bediako

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata! Filamu yangu inahusu mgeni anayevuruga familia iliyofiwa, na waombolezaji wa kukodi siwawezi. Lakini keshokutwa mjini Mampong wanamzika Mzee Bediako, mtu nisiyemjua kabisa. Machozi ya kweli, nguo nyekundu na nyeusi, vyote bure! Naenda na kamera yangu. Asante Mungu kwa kunipa akili.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepokelewa vizuri. Nikapewa maji ya kunywa, kisha msemaji wa ukoo akaniuliza, kama ada ilivyo, nimekuja na lipi. Nikalia kidogo (kulia najua). Nikasema marehemu alinilea kama mwanawe.

Mjane, Mama Afrakoma, akapiga ukelele, jamani, kumbe mume wangu ana mtoto! Shangazi mmoja akaapa kwamba hata masikio ni yale yale. Nikavimba kichwa. Kumbe mzee hakuzaa, na kwetu jeneza la baba hununuliwa na watoto, kama la mke linavyonunuliwa na mumewe. Ada hii naijua tangu utotoni! Mdomo umeniponza. Maiti iko mochwari, na ukoo mzima unanitazama mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Alfajiri nilijaribu kutoroka. Shangazi amelala mlangoni! Nikapelekwa kwa seremala wa majeneza, nami pesa sina. Hakutaka hadithi, alitaka kamera. Nikampa. Jeneza zuri, vishikio vya shaba. Picha sikupiga hata moja. Lilipokuwa likishushwa, mjane alinishika mkono, nami nikalia kweli. Namlilia nani? Sijui.

Jumapili, 15 Septemba

Ibada ya shukrani. Dhamiri imenisuta, nikamwungamia Mama Afrakoma kila kitu. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Akasema alijua ni uongo tangu nilipofungua mdomo: mumewe hakuwahi kulea hata kuku. Lakini mashemeji walishaanza kunong'ona kwamba mzee atazikwa kama mtu asiye na mtoto, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Akanishukuru, akaniita mwanangu, akanijazia fufu, ule ugali wetu wa muhogo wa kutwanga, na supu ya mbuzi. Sijawahi kushukuriwa hivyo maishani. Na mimi nilimshukuru.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepata funzo! Sijiiti tena mtoto wa mtu. Ejura kuna msiba wa mama mmoja, na simu yangu nayo inapiga picha safi kabisa. Safari hii nitasema nilikuwa mumewe wa siri.