Noti za Kule na Redio ya Shangazi

Leo uso wangu nimeuacha sokoni Keroka.

Kazi yangu mnaijua. Wachuuzi wanaouza bidhaa upande wa Tanzania hurudi na noti za kule, nami nazinunua kwa shilingi zetu. Mchana anakuja Mzee Nyakundi, mfanyabiashara wa ng'ombe. Ananunua zote kwa bei ya juu kidogo, kisha anapanda lori kwenda kununua ng'ombe ng'ambo ya mpaka. Bei hupanda na kushuka pole pole, isipokuwa redio ikisema jambo. Hapo noti iliyokuwa pesa asubuhi inaweza kuwa karatasi jioni. Kwa hiyo nina sheria: taarifa ya habari ya jioni isinikute na noti ya kule hata moja. (Shule niliiacha darasa la tano, lakini sheria hii niliitunga mwenyewe.)

Mtaji ulitoka kwa baba. Aliuza mtamba, akanipa pesa zote mkononi, akasema, "Umezunguka Kisumu, umezunguka Kericho, umerudi na viatu tu. Hizi zikipotea, unarudi Nyamira kuchuma chai."

Jana Ijumaa niliitii sheria. Niliuza kila noti, nikaenda kulala kwa shangazi, karibu na Keumbu, maana chumba changu kinavuja. Shangazi ni Msabato kweli kweli. Jua likizama Ijumaa, redio inafunikwa kitambaa hadi Jumamosi jioni. Nilitaka kumwomba tusikilize habari kidogo. Nikamwangalia usoni, nikaomba maji ya kunywa. Sikuwa na wasiwasi. Noti za kule sikuwa nazo. Habari zingenifanya nini?

Asubuhi nikaketi mahali pangu, kando ya duka la mafuta ya taa. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kemunto, anayepeleka sabuni Tanzania. Siku nyingine tunabishana hadi koo linakauka. Nikamtajia bei ya chini makusudi, tupate pa kuanzia.

"Haya, leta," akasema.

"Bila kubishana, mama?"

"Leo nimechoka, mwanangu. Chukua na hizi za dada yangu."

Wengine wakafuata. Nikashusha bei, wakakubali. Nikashusha tena, wakakubali na kuniuliza kama nimekunywa chai. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anayemuaga mgonjwa. (Nilidhani ni heshima.) Kabla ya mchana mtamba wa baba alikuwa amegeuka wote noti za Tanzania.

Ndipo Nyakundi akaja. Hakuwa na fimbo wala koti lake la safari. Alikuwa amevaa kandambili.

"Mzee, leo ziko nyingi," nikamwambia. "Na bei nitakupunguzia."

"Za kufanyia nini?"

"Za ng'ombe."

"Ng'ombe wa wapi, kijana? Mpaka umefungwa. Redio ilisema jana jioni, ikarudia leo asubuhi."

Fundi wa cherehani aliacha kukanyaga. Nikamgeukia Mama Kemunto.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alisema bila ubaya wowote. "Kila siku unatuhubiria hapa jinsi habari zinavyoua pesa. Tulipokuona unanunua, tukasema huyu amesikia kitu ambacho sisi hatujasikia."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa suruali ya mteja. Kicheko kikaenda meza kwa meza, hadi kwa wauza ndizi ambao hata hawakujua kisa ni nini. Nyakundi peke yake hakucheka. Alinishika bega.

"Zikunje vizuri," akasema. "Mpaka hautafungwa milele."

Nimetembea hadi kwa shangazi kwa miguu. Njiani nimelielewa kosa. Nilikuwa mwangalifu habari zisinikute na noti, lakini sikuwahi kujiambia kwamba hata asiye na noti lazima asikie habari kabla ya kununua. Nusu ya sheria imekula mtamba mzima.

Kesho naenda Nyamira. Sijui nitamwambia baba nini. Labda sitasema neno, nitachukua tu kikapu nielekee shambani, naye ataelewa.

Mkipita mkaniona kati ya michai, kucheka ruhusa, ila kwanza niambieni redio imesema nini.